Baraka Iliyolowa

Limau lilirushwa na kijana mwenye shati jeupe. Likapita juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakisukumana kulifikia bwawa la Jan Meda, na badala ya kutua kifuani mwa msichana aliyelengwa, likamgonga kwenye kiwiko. Mkono huo ndio uliokuwa umeinua simu kupiga picha. Simu ikaruka, ikagonga chuma cha uzio, ikatumbukia kwenye maji ambayo makasisi walikuwa wametoka kuyabariki dakika ile ile.

Hivyo ndivyo Zinash na Dagim walivyokutana, na mtu wa Addis Ababa hawezi kushangaa. Timkat, sikukuu ya ubatizo, bila limau ni Timkat gani? Enzi za bibi zetu kijana akimpenda binti alimrushia limau kifuani, na binti akiliokota, wazee walianza kutafuta viatu vyao vya kwenda kuposa. Siku hizi vijana hurusha kwa mzaha, wakacheka, wakaenda zao. Dagim naye alijiambia anarusha kwa mzaha. Muongo mkubwa. Alikuwa amemkodolea macho yule binti kwa nusu saa nzima, ndani ya gauni lake refu jeupe lenye tarizi ya kijani pindoni, shela la netela limemwangukia mabegani, nywele zimesukwa kurudi nyuma mpaka shingoni. Limau alilinunua baadaye.

"Nani karusha?" Zinash aliuliza.

Watu kama kumi wakamwonyesha kwa vidole. Jan Meda hakuna wa kukuficha.

"Ni mimi, dada," Dagim alisema, akijipenyeza mpaka mbele yake. "Nisamehe sana. Nililenga kifua."

"Ulilenga kifua."

"Ndiyo."

"Na hilo ndilo la kujitetea nalo?"

Shemasi mmoja mwenye huruma alipandisha mkono wa joho, akaupenyeza kwenye uzio mpaka kwapani, akaitoa simu ikichuruzika maji. Mama mmoja mnene aliyekuwa karibu alisema imeshabatizwa, kilichobaki ni kuichagulia jina, na watu wakaangua kicheko. Zinash hakucheka. Uso ulikuwa umemshuka, na kidole chake kilikuwa kinatafuta kitufe cha kuwashia.

"Usiiwashe," Dagim alisema, akamshika mkono. "Ikipata umeme na maji yamo ndani, umeiua. Nipe mimi. Mimi ni fundi simu."

Zinash alimtazama kuanzia nyweleni mpaka kwenye viatu vyake vilivyojaa tope. "Fundi simu," alisema. "Kumbe ndivyo unavyotafuta wateja."

"Haki ya Mungu siyo hivyo. Kibanda changu kiko Sidist Kilo, nyuma ya duka la dawa, mlango wa bluu. Twende sasa hivi, maana kila saa inayopita ni hasara."

"Nikukabidhi wewe tena? Bora nimwachie yule shemasi."

Akaifunga simu ndani ya netela, akaondoka. Dagim alibaki amesimama, aibu imemjaa. Limau aliliokota mwenyewe.

Nyumbani kwa kina Zinash, mtaa wa Shiro Meda, mama yake, Mama Askale, hakuona sababu ya hofu. Maji ya Timkat huponya macho na migongo, alisema, yataishindwaje simu? Hata hivyo alikuwa amesikia kwamba watu huzika simu iliyolowa ndani ya mchele ili unyonye maji. Mchele hapakuwa nao siku hiyo. Palikuwa na tefu, pipa zima, na kwake yeye tefu ni nafaka kama mchele, tena yenye heshima zaidi. Akaisukuma simu humo mpaka mkono ukazama kufika kwenye kiwiko, akafunika pipa.

Mtu yeyote aliyewahi kupepeta tefu anajua punje yake ni ndogo kuliko ufuta, na inapita popote. Zinash mwenyewe alijua. Lakini siku hiyo angekubali hata kuambiwa aizike simu kwenye majivu. Kilichomtisha hakikuwa bei ya simu wala picha zilizokuwamo.

Baba yake, ambaye mtaa ulimwita Gashe Lemma kwa heshima, alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na mbili kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Alipostaafu, mtaa ulimpa kazi nyingine, ya kubariki maharusi. Binti alipotoka nyumbani kwao siku ya harusi, Gashe Lemma ndiye aliyesimama akatamka baraka ndefu, sentensi moja baada ya nyingine, na watu wakaitikia amina mpaka kina mama wakalowesha netela zao kwa machozi. Alibariki mabinti wa watu zaidi ya mia. Kisha ukaja uvimbe kooni. Madaktari walimwambia achague uhai au sauti. Jioni ya kabla ya upasuaji, katika bustani ya hospitali, alimwomba Zinash simu yake, akamtuma mkate. Aliporudi alimkuta amemaliza.

"Nimekurekodia baraka yako," alimwambia kwa sauti iliyokuwa tayari inakwaruza. "Usiifungue mpaka siku utakayotoka nyumbani kwangu."

Sasa ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi miwili. Gashe Lemma aliongea kwa daftari na kalamu, kitambaa cheupe kimefunika tundu la shingoni alilopumulia. Zinash hakuwahi kuifungua ile sauti, wala kumtumia mtu, wala kuihifadhi mahali pengine. Aliona kama kuisambaza ni kuipunguza. Na bwana harusi mwenyewe hakuwapo, wala dalili yake.

Siku ya tatu walifukua simu. Haikuwaka. Zinash hakumwambia baba yake kitu, akavaa koti lake jekundu, akashuka Sidist Kilo kutafuta mlango wa bluu.

Dagim aliinuka kwa haraka mpaka akagonga kichwa kwenye taa.

"Dada wa limau."

"Naitwa Zinash. Na sijakusamehe. Haiwaki."

Aliipokea kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko alivyotarajia, vidole virefu, ncha zake zimeungua hapa na pale kwa risasi ya kuchomelea. Alifungua skrubu ndogo moja moja, akainua mfuniko wa nyuma. Akachukua kibano, akanyanyua kidonge cha uji mzito wa kahawia.

"Dada Zinash, hii ni simu au ni unga wa mkate wa injera unaochacha?"

"Mama aliiweka kwenye tefu."

"Kwenye tefu."

"Hatukuwa na mchele."

Dagim aliuma mdomo asicheke. Zinash alimwona anavyopambana nao, na cha ajabu ni yeye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akashika meza. Siku tatu alikuwa hajacheka.

"Mchele wenyewe ni uongo mtupu," Dagim alisema alipopumua. "Lakini angalau mchele hauingii kwenye spika. Hii nitaitoa punje moja moja, nioshe kwa spiriti na mswaki, niikaushe, nirudie tena. Itachukua siku kadhaa. Na hulipi kitu, kosa ni langu."

"Picha zikipotea zipotee," Zinash alisema, kicheko kimemwisha. "Namba pia. Kuna sauti ya baba humo. Nirudishie hiyo tu."

"Pole. Alifariki lini?"

"Yuko hai. Ni mgonjwa tu." Akaishia hapo. Angewezaje kumwambia kijana aliyemjua siku tatu kwamba ndani ya simu ana baraka ya harusi, imeshaandaliwa, inasubiri mume? Angemwona ni mwanamke anayewinda. Wanawake wengi wangenyamaza hapo, na mimi siwalaumu.

Dagim alitoa laini kwenye simu iliyokufa, akaiweka kwenye simu ya zamani ya vitufe aliyokuwa nayo kwenye droo, akampa aitumie. Jioni ile ile ikalia, Dagim anampigia.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Zinash aliuliza.

"Amelala salama. Leo nimetoa punje arobaini na moja. Nimezihesabu kwa ajili yako."

"Muongo."

"Arobaini basi, mrembo wangu."

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita wako?"

"Nimesema mrembo wangu. Sijasema mke wangu."

"Endelea kuchezea tefu." Akakata. Mama Askale alimwona akiutabasamia ukuta, akaendelea kuchambua vitunguu.

Zinash alikuwa mtarizi katika duka moja la nguo za asili pale Shiro Meda, na mwezi wa Tir ndio mwezi wa harusi, kazi hazina mwisho. Akaanza kushuka na kazi yake mpaka kibandani kila baada ya chakula cha mchana, kuangalia simu, alidai. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, sindano inapanda na kushuka, huku Dagim ameinama chini ya taa. Mama wa kahawa wa pale kona aliwaletea vikombe viwili bila kuagizwa. Dagim alipenda anavyokata uzi kwa meno. Zinash alipenda kwamba kijana huyu, akishika kitu kilichovunjika, husema nacho kwa sauti ya chini kama anambembeleza mtoto asiyetaka kula.

"Gauni la nani hilo?" Dagim aliuliza siku moja. Kitambaa cheupe kilikuwa kimemfunika Zinash mapaja yote, na msalaba wa dhahabu ulikuwa unaota kifuani mwa gauni, uzi baada ya uzi.

"Langu. Hujui naolewa mwezi huu?"

"Na nani?"

"Na tajiri mmoja wa Bole. Ana simu tatu, zote kavu."

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha Dagim kilichelewa kidogo, lakini Zinash alikuwa ameinamia sindano.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa tisa mchana, simu ilitetemeka mkononi mwa Dagim na kioo kikawaka. Aliruka, akapiga ukuta kwa furaha, akanyakua simu yake ampigie Zinash, kisha akajizuia. Alitaka kumpa habari kamili. Kwanza ahakikishe sauti ipo.

Mafundi wana sheria moja ambayo Dagim aliijua kuliko jina lake. Simu iliyozama ikiamka, unanakili kwanza, mengine baadaye, maana hiyo inaweza kuwa pumzi yake ya mwisho. Na kama hunakili, unatoa betri. Alichomeka waya, lakini tundu lililokuwa limejaa tefu halikushika. Ingebidi aitume sauti hewani, na ili kuituma lazima aijue. Kulikuwa na faili moja tu la sauti. Akaligusa, aone kama ndilo.

Sauti ya mzee ilijaza kibanda, nzito, inakwaruza pembeni, haina haraka.

"Zinash, mwanangu. Leo ni siku ya harusi yako. Leo unatoka nyumbani kwangu. Mungu akupe nyumba isiyokosa mgeni. Mungu akupe jiko lisilozimika, na jirani wa kukuomba moto. Akupe watoto watakaokuzika, usiwazike wewe. Na leo hii nakukabidhi kwa mume wako..."

Dagim aliikata.

Kwa hiyo gauni lilikuwa lake kweli. Tajiri wa Bole hakuwa mzaha, au labda si tajiri na si wa Bole, lakini yupo. Mzee mgonjwa, hawezi kufika kanisani, amemrekodia binti yake baraka, na binti anaitaka kabla mwezi wa harusi haujaisha. Kila kitu kilikaa mahali pake. Yeye ndiye mjinga aliyehesabu punje za tefu. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakamchoma.

"Atanakili mwenyewe huyo bwana harusi," alisema peke yake. Akailaza simu juu ya meza kifudifudi, ikiwa inawaka, betri imo ndani, akafunga kibanda mapema, akaenda zake kwa miguu.

Asubuhi simu ilikuwa baridi. Alipofungua alikuta bodi imeungua. Unyevu uliobaki chini ya chipu ulikuwa umekaa na umeme saa zote hizo, ukala kila kitu, na chipu ya kumbukumbu ilikuwa imepasuka. Dagim aliitia ndani ya bahasha. Kwa siku tatu Zinash alipompigia, hakupokea. Siku ya nne alipokea.

"Umekufa?" Zinash aliuliza.

"Nipo. Kazi nyingi."

"Na mgonjwa wetu?"

"Njoo uichukue."

"Dagim, mbona unaongea kama karani wa ofisi ya kebele?"

"Njoo tu, dada."

Hilo neno dada lilimchoma. Alishuka bila gauni, bila sindano. Dagim alimsukumia simu juu ya meza ikiwa ndani ya bahasha.

"Haikuamka," alisema bila kumtazama. "Pole. Na hongera ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yako. Wewe na mtu wako wa Bole."

Zinash alivuta kigoda akaketi. "Sina mtu wa Bole," alisema. "Sina mtu popote. Gauni lile ni la mteja. Nilikuwa nakutania, na wewe ulicheka, nikajua umeelewa." Akamwambia kuhusu koo la baba yake, daftari, bustani ya hospitali, mkate. "Ile ilikuwa baraka ya harusi yangu, na yeyote atakayekuja. Niliona aibu kukuambia, ungedhani natafuta mume. Baba amebariki kila binti wa mtaa wetu, Dagim. Watu wana video zake kwenye harusi zao, wananiambia nizichukue nisikilize. Lakini hizo ni za watoto wa watu. Yangu ilikuwa hii moja."

Sasa fikiria. Alikuwa ameshaamini kwamba simu haikuamka. Dagim angenyamaza, angesema pole mara ya pili, angemshika mkono, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Hapa ndipo ninapompenda huyu kijana pamoja na ujinga wake wote.

"Iliamka," alisema.

Zinash aliinua macho.

"Alhamisi saa tisa. Nilitaka kuhakikisha, nikaigusa, nikamsikia baba yako. Alipofika pale anaposema anakukabidhi kwa mume wako, niliikata. Nilidhani unaolewa kweli. Sikunakili, sikutoa betri, niliondoka kwa wivu, na asubuhi ilikuwa imeungua. Siyo limau lililoiua, Zinash. Siyo tefu. Ni mimi."

"Uliisikiliza," Zinash alisema polepole. "Mimi binti yake sijaisikiliza. Mwaka mzima najizuia. Wewe ukaisikiliza, halafu ukaikata."

"Ndiyo."

Alitoa laini yake kwenye simu ya vitufe, akaiweka simu juu ya meza taratibu, akachukua bahasha, akatoka. Laiti angempigia kelele. Dagim angelala vizuri zaidi.

Kwaresima ikaingia, harusi zikakoma, mji ukala mboga. Zinash aliipeleka simu kwa mafundi watatu wakubwa wa soko la Merkato, na wote watatu walitikisa kichwa. Dagim alipiga, hakupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Jumapili moja baada ya misa alivaa shati lake jeupe, akapanda Shiro Meda, akauliza nyumba ya Gashe Lemma. Hakuna asiyeijua.

Mzee alikuwa uani, kwenye kiti, daftari mapajani. Dagim alipiga magoti, akabusu goti la mzee, akakiri yote bila kupunguza, kuanzia limau. Mama Askale, ambaye hakujua mgeni ni nani, alikuwa tayari anakaanga kahawa, na mkono wake ulisimama juu ya kikaango. Nyuma ya pazia la mlango sindano ya Zinash nayo ilisimama.

Gashe Lemma aliandika: *Kwa nini uliikata?*

"Kwa wivu, Gashe."

*Wivu kwa nani?*

"Kwa bwana harusi."

*Yuko wapi?*

"Hayupo. Sikujua kwamba hayupo."

Mabega ya mzee yalianza kutikisika. Dagim alidhani analia, akainamisha kichwa zaidi, mpaka Mama Askale aliposema, "Inuka, mwanangu, anakucheka." Mzee alipangusa macho, akaandika tena, safari hii kwa muda. *Ulisikia robo tu. Iliyobaki siikumbuki kama nilivyoisema. Siku ile nilikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyosema vizuri.* Kisha akaongeza chini yake: *Nenda kaongee na mwenyewe. Yuko nyuma ya pazia, anadhani simwoni.*

Zinash alimsindikiza mpaka getini, mikono ameikunja kifuani.

"Ulikuja kufanya nini kwa baba yangu?"

"Niliwakosea wawili. Wewe hupokei simu."

"Maneno yale unayakumbuka?"

"Neno kwa neno. Nayarudia kila siku nisije nikayapoteza."

"Niambie."

Dagim alifungua mdomo. "Zinash, mwanangu. Leo ni..."

"Basi. Nyamaza." Alikuwa ameshamfunika mdomo kwa kiganja. "Alisema nisisikie mpaka siku yenyewe."

Walisimama hivyo kidogo. Kisha akautoa mkono, akautazama kama haukuwa wake.

"Kwa hiyo," alisema, "siwezi kuolewa bila wewe kuwepo."

"Inaonekana hivyo."

"Na ukihama mji?"

"Sihami."

"Na nikimpata huyo tajiri wa Bole?"

"Nitakuja. Nitasimama nyuma ya mlango, niseme robo yangu, niondoke." Akashika geti. "Lakini ningependa kuja kwa njia nyingine."

"Njia gani?"

"Nitume wazee."

Zinash alitazama barabara inayopanda Entoto, mikaratusi, mbwa wa jirani, kila kitu isipokuwa yeye. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nina hasira sana."

"Najua, mpenzi wangu."

"Waambie wazee wako waje wamepiga viatu rangi. Mama hutazama viatu kwanza."

Wazee watatu walikuja, viatu vinang'aa, wakakataa kukaa mpaka waseme walilojia, kama desturi ilivyo, na wakaambiwa warudi mara ya pili. Walirudi. Harusi ikawekwa baada ya Pasaka.

Asubuhi hiyo nyumba ya Gashe Lemma ilijaa mpaka watu wakasimama juu ya makreti ya soda. Zinash alivaa gauni alilolitarizi mwenyewe, zambarau na dhahabu kutoka shingoni mpaka chini, na Dagim alikuwa na joho fupi lenye tarizi ile ile. Ilipofika saa ya binti kutoka, wote wawili walipiga magoti mbele ya wazazi wakabusu magoti yao. Watu wakatazamana. Hapa ndipo Gashe Lemma alipokuwa akisimama kwenye kila harusi ya mtaa, na sasa hakuna aliyejua nani atasema. Kasisi alijongea kusaidia. Mzee alimzuia kwa kiganja, akamgusa Dagim begani.

Dagim akainua kichwa na kuanza. "Zinash, mwanangu. Leo ni siku ya harusi yako. Leo unatoka nyumbani kwangu." Hakukosea. Gashe Lemma alimfuata kwa kidole hewani, neno kwa neno, kama alivyokuwa akimfuata mwanafunzi anayesoma majina ya mito. Nyumba isiyokosa mgeni, amina. Jiko lisilozimika, amina. Zinash alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, na machozi yalishuka kwenye rangi zote walizompaka wasaidizi wake.

"Na leo hii nakukabidhi kwa mume wako," Dagim alisema, kisha akanyamaza. "Gashe, niliikata hapa. Zaidi ya hapa sina."

Gashe Lemma alisimama. Akaweka kiganja kimoja juu ya kichwa cha binti yake, kingine juu ya kichwa cha Dagim, akaendelea. Midomo yake ilikwenda polepole, imeshika kila neno sawasawa, na hapakutoka sauti, ni pumzi tu iliyokuwa ikiinua kile kitambaa cheupe shingoni. Alipomaliza sentensi ya kwanza alisimama kidogo, kama alivyokuwa akisimama siku zote kuwasubiri watu.

Hakuna aliyejua la kufanya. Kisha Mama Askale, kutoka mlango wa jikoni, akasema, "Amina."

Midomo ikaendelea. Sentensi ya pili ilipokwisha waliitikia watu kama kumi. Ya tatu, wakaitikia na waliokuwa uani. Zinash chini ya kiganja cha baba yake aliitikia kwa sauti kubwa, na Dagim kando yake. Baraka ilikuwa ndefu, kama zake zote. Hakuna aliyesikia neno hata moja, na watu wakaitikia mpaka mwisho.